Spika mbili, sauti moja

Mdau, kabla hujazilaumu spika zako, tukumbuke historia. Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya stirio mwaka 1931. Lakini miaka ya 1970, watu wa Musoma, Bunda na Butiama walisikia muziki wa dansi kupitia masafa ya kati na mafupi ya Radio Tanzania: mono tupu.

Kipimo kiko hapo hapo. Fungua wimbo wa mono kwenye Winamp (iliyotoka 1997) au VLC, zima ikwalaiza na madoido yote, kaa katikati ya spika. Mwimbaji lazima asikike katikati. Akitawanyika, pengine waya wa spika moja umegeuzwa. Ukirekebisha, ndipo uweke stirio.

Ila kuzitanua nyimbo za wazee kwa programu ni kuchakachua kumbukumbu zetu. Kazi kwako!