Je, ulimwengu ulipofumuka ulikuwa na kibla?

KATIKA elimu ya ulimwengu, wataalamu huegemea kanuni moja kama paa linavyoegemea nguzo: kwamba anga ya mbali, ikitazamwa kwa jumla, haina upande ulio bora kuliko mwingine. Kanuni hiyo huitwa isotropia. Umri wa ulimwengu na kiasi cha maada iliyomo vyote hukadiriwa kwa kuichukulia kuwa ni kweli. Iwapo ina kasoro, hesabu nyingi zitalazimika kufanywa upya.

Ushahidi mkuu ni mnururisho wa kale uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson nchini Marekani mnamo 1964. Mnururisho huo ulianza safari yake miaka 380,000 hivi baada ya chanzo cha ulimwengu, ambao leo una umri wa takriban miaka bilioni 13.8. Ukiondoa athari ya mwendo wetu wenyewe angani, joto lake hutofautiana baina ya mahali na mahali kwa kiasi cha sehemu moja hivi katika 100,000.

Kwa hivyo, usawa unaozungumziwa si wa kila nukta bali ni wa takwimu. Mathalan, madoa ya chui hayalingani, lakini kwa jumla hayaelekei upande wowote. Milia ya pundamilia, kwa upande mwingine, hudhihirisha mwelekeo wake papo hapo. Swali ni je, ngozi ya anga ni ya chui mtupu, au ina chembe ya pundamilia?

Jibu linapatikana katika kipindi cha mfumuko. Neno hili msomaji amelizoea katika habari za bei za bidhaa. Katika fizikia, ni nadharia iliyopendekezwa na Alan Guth mnamo 1981, isemayo kuwa ulimwengu ulipanuka kwa kasi isiyo kifani katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza. Mitikisiko midogo ya wakati huo ilinyooshwa ikawa mbegu za galaksi.

Kwa kawaida, mfumuko huelezwa kwa uga wa skala. Uga huo ni kama joto: una kiasi kila mahali, lakini hauna mwelekeo. Uga wa vekta ni kama upepo. Baharia hatosheki kujua nguvu ya upepo pekee. Sharti ajue pia kama ni kaskazi au kusi. Iwapo uga wa aina hiyo ulikuwepo wakati wa mfumuko, mitikisiko iliyoufuata na ile iliyoukata ingetofautiana nguvu, na alama hiyo ingebaki angani hadi leo.

Hata hivyo, kuna kizuizi. Uga wa kawaida wa vekta, kama ule wa umeme na sumaku, hufifia upesi. Nafasi ikipanuka mara mbili kila upande, nishati yake katika ujazo ule ule hushuka hadi sehemu moja ya 16. Ili udumu, lazima kitu kiuhuishe.

Mnamo 2007, Lotty Ackerman, Sean Carroll na Mark Wise walikokotoa alama ambayo mwelekeo maalumu ungeacha katika mnururisho. Mnamo 2009, watafiti wengine walibainisha kuwa baadhi ya miundo ya uga wa vekta si thabiti. Mwaka uo huo, Masa-aki Watanabe, Sugumi Kanno na Jiro Soda walionyesha njia nyingine: uga wa vekta ukifungamanishwa na ule wa skala, huchota nishati kutoka kwake na kuepuka kufifia.

Wakati huo, takwimu za chombo cha WMAP, kilichorushwa na Marekani mnamo 2001, zilikuwa zimeonekana kubeba alama iliyotafutwa. Lakini mwelekeo wake ulizua shaka, kwani ulikaribiana na mhimili wa mzunguko wa Dunia kulizingira Jua, na chombo chenyewe kilipitisha macho yake angani kwa kufuata mpangilio uo huo. Mnamo 2010, Duncan Hanson, Antony Lewis na Anthony Challinor walieleza kiini: darubini za chombo hazikuona nukta kwa umbo la duara kamili. Alama haikuwa ya anga. Ilikuwa ya kifaa.

Chombo cha Ulaya, Planck, kilichorushwa 2009, kiliwezesha kipimo bora zaidi. Mnamo 2013, Jaiseung Kim na Eiichiro Komatsu walisahihisha athari za darubini zake na kupata tofauti ya 0.002, yenye ukingo wa makosa wa 0.016. Kipimo hicho hakitofautiki na sifuri.

Matokeo hayo hayajafuta nyuga za vekta, bali yamezibana. Kama upepo huo ulivuma, basi, kwa muundo ulio sahili zaidi, alama yake haizidi asilimia chache. Mwananadharia yeyote atakayependekeza uga mpya wa vekta sharti kwanza aupitishe katika tundu hilo jembamba.