Singeli na Deni la Taarab

Aghlabu singeli huelezwa kuwa ni kelele ya vichochoro vya Dar es Salaam, kitu kisicho na mnasaba wowote na fani tulizorithi visiwani. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Singeli imechomoza Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa mingine ya uswahilini, na walioilea ni vijana wa huko. Lakini atakayeivumilia kasi yake akasikiliza kwa makini, atakisikia ndani yake kinanda cha taarab. Makala haya yanaifuatilia nasaba hiyo, kisha yanauliza swali linalowahusu wapenzi wa ushairi na muziki wa pwani: mtoto huyu anadaiwa nini, naye anamdai nani?

Tuanzie nyumbani. Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa Unguja mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri hadi Bombay kurikodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikaenea pwani nzima. Taarab ya zama hizo na zilizofuata ilikuwa kazi ya watu wengi waliokaa pamoja: mpiga udi, mpiga kanuni, wapiga fidla, wapiga ngoma, na mwimbaji aliyekabidhiwa shairi lenye vina na mizani. Wasikilizaji nao walikaa. Aliyeguswa na ubeti aliinuka, akatunza, akarudi kitini pake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ada hiyo ilitikiswa. Kundi la East African Melody liliweka kinanda cha umeme mahali pa safu ya fidla, na mapigo ya mashine mahali pa baadhi ya ngoma. Taarab ya kisasa, iliyopewa jina la rusha roho, ikawainua watu vitini. Waledi wengi wa fani walilalamika kwamba utamu umepotea. Pamoja na hayo, mpigaji mmoja sasa aliweza kubeba kazi ya kumi, na kaseti zilivuka bahari kwenda Bara, zikapigwa katika harusi, mabaa na vyombo vya usafiri. Huko zikakutana na masikio yaliyokwisha kuandaliwa.

Masikio hayo yaliandaliwa na mchiriku. Katika mitaa yenye asili ya Kizaramo, vijana walikuwa wameziunganisha ngoma za jadi na vinanda vidogo vya Casio, wakavipitisha katika vipaza sauti vya kuungaunga vilivyokoroma kuliko kuimba. Walisimulia dhiki, mapenzi na misukosuko ya maisha ya mjini. Kundi la Jagwa Music ndilo lililojulikana zaidi nje ya nchi, baada ya albamu yake ya Bongo Hotheads kutolewa Ulaya mwaka 2012. Kwa hivyo kabla ya singeli kupata jina, uswahilini palikwisha zoea kinanda cha bei nafuu, mwendo wa haraka na sauti iliyokwaruza.

Mahali pa makutano palikuwa kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha inayofuatana na harusi au unyago. Masimulizi ya wengi yanakubaliana hivi: DJ aliweka wimbo wa taarab ya kisasa, uimbaji ulipokoma na kinanda kikabaki peke yake, alikirudia kipande kile tena na tena, akakizidisha kasi, na kijana mmoja akashika kipaza sauti akaanza kughani juu yake. Kipande ambacho mpigaji wa Unguja alikikusudia kiwe pumziko baina ya beti mbili, kikageuka kuwa wimbo mzima.

Kutoka hapo kazi ilihamia studio. Sisso, huko Mburahati, na Duke wa Pamoja Records, walikuwa miongoni mwa maprodyuza walioifanya singeli kuwa fani ya kompyuta. Zana zao ni chache: kompyuta moja, programu ya kuchanganyia muziki, mara nyingi Virtual DJ, na hazina ya vipande vya sauti. Mapigo hupanda kutoka mia mbili hadi karibu mia tatu kwa dakika, ilhali muziki wa dansi wa kielektroni wa Ulaya kwa kawaida huridhika na mia na ishirini au zaidi kidogo.

Hapa mpenzi wa ushairi apige hesabu. Mapigo yakiwa mia mbili na hamsini kwa dakika, baina ya pigo na pigo hapana hata robo ya sekunde. Katika mwanya huo MC hupachika silabi zake, akitaja majina ya waliohudhuria, akitania, akinung'unikia ukata. Kiswahili kinamfaa kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, na ulimi hautegwi. Kwenye onyesho, prodyuza haketi nyuma kama fundi: hukata sauti ghafla, akairudisha, akaiharakisha zaidi, huku akimsoma mchezaji kama mpiga ngoma amsomavyo mwenye kupandisha. Hadhira haitazami jukwaa tu. Kiini cha shughuli kimo katika duara la wachezaji.

Katikati ya miaka ya 2010 redio EFM ya Dar es Salaam iliipa singeli nafasi hewani. Mwaka 2016 "Hainaga Ushemeji" wa Man Fongo ulivuma nchi nzima, na leo hata abiria anayeshuka Makambako, penye njia panda ya kwenda Njombe na Songea, mbali kabisa na bahari, haoni singeli kuwa kitu kigeni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Zikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019, na Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022. Maprodyuza wa Mburahati wakapanda majukwaa ya Ulaya.

Sifa hizo za ng'ambo hazifuti maswali ya nyumbani. La kwanza ni la sauti ya mwanamke. Taarab, tangu Siti, ilimpa mwanamke kipaza sauti na haki ya kusema kwa mafumbo yale asiyoweza kuyasema barazani. Katika singeli, wanawake wamejaa katika duara, lakini walioshika kipaza sauti ni wachache. Hapa mtoto amerithi kinanda, akauacha urithi ulio bora zaidi.

La pili ni la haki. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Sheria ni mbili. Sauti ni moja na haijui mpaka wa Chumbe. Mpiga kinanda ambaye kipande chake kimekatwa, kikaharakishwa na kuchezwa mpaka Ulaya, mara nyingi hata jina lake halitajwi. Vijana nao hawakuiba kwa utajiri: waliokota kilichokuwa kikipigwa barabarani, na wao wenyewe kazi zao hunakiliwa kutoka simu hadi simu bila ya malipo.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Ikiwa singeli ni mjukuu wa taarab, basi haitoshi kuikemea kwa ukorofi wake wala kuishangilia kwa safari zake. La wajibu wetu visiwani ni dogo na linawezekana: kuwaandika majina wapiga vinanda wa miaka ya 1990, wangali hai na kumbukumbu zao zingalipo, ili deni litakapohesabiwa, mwenye kudai ajulikane.