Habari za Karatasi ya Matambara

Neno karatasi, ambalo mtoto wa chuoni hulitamka kabla hajajua kushika kalamu, limetujia kutoka Kiarabu, na Waarabu wa kale walipolitaja qirtas walikusudia waraka uliofanywa kwa mafunjo ya mto Nili. Lakini hiki tunachokiita karatasi leo asili yake si mafunjo, bali ni matambara, kamba zilizokatika na nyavu zilizochakaa, yaani vitu ambavyo kila mwenye nyumba huvitupa jaani.

Sanaa hii inanasibishwa na Cai Lun, mtumishi wa jumba la kifalme la China, ambaye katika mwaka 105 alimletea Kaizari He karatasi ya magome ya miti, katani mbovu, nguo kuukuu na nyavu za wavuvi, ijapokuwa vipande vya zamani zaidi vimekwisha kufukuliwa. Ilipofika Samarkand, na kutoka huko ikaingia Baghdad mwishoni mwa karne ya 8, katika zama za Harun al-Rashid, iliikuta nchi isiyokuwa na miforosadi ya kutosha kuchuna magome, basi mafundi wakategemea vitani na kamba zilizokwisha kazi. Na juu ya takataka hizo likasimama soko la warraqin, wauza karatasi na wanakili vitabu, ambao al-Yaqubi, mwandishi wa karne ya 9, aliyataja maduka yao kuwa zaidi ya 100.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Matambara yalichambuliwa, meupe mbali na ya rangi, kwa kuwa meupe ndiyo yaliyofaa karatasi ya kuandikia na ya rangi yakaachiwa karatasi ya kufungia bidhaa. Yakang'olewa vifungo, yakafumuliwa mishono, yakakatwa vipande, yakalowekwa na kuachwa yachache kwa majuma, kisha yakatwangwa hata nyuzi zikaachana na kuwa rojo jepesi kama uji wa mgonjwa. Hapo fundi hulitumbukiza chekecheke lake pipani, akaliinua sawasawa na kulitikisa, maji yakachuruzika na juu yake ukabaki utando mwembamba, ambao hulazwa, hushinikizwa, huanikwa, na mwisho hupakwa wanga usije ukanywa wino. Watu wa Fabriano, nchini Italia, katika karne ya 13, waliitia michi nguvu ya maji ya mto, wakabadili wanga kwa gundi ya ngozi, wakabuni na ile alama ionekanayo karatasi inapoinuliwa mbele ya mwanga.

Haja ya matambara haikujua haya. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekaa Misri karibu na mwaka 1200, amesimulia jambo ambalo sijapata kulisoma bila ya kusitasita, kwamba watu walikuwa wakifukua makaburi ya kale, wakawavua maiti vitani vyao, vilivyofaa wakavifanya nguo na vilivyobaki wakawauzia watengenezaji wa karatasi ya kufungia bidhaa za madukani. Na Waingereza, karibu miaka 500 baadaye, waliikabili haja ile ile kwa njia ya sheria, maana ile ya 1678, iliyolazimisha maiti kuzikwa katika sanda ya sufu, ilitaja wazi kuwa makusudio yake ni kustawisha kazi ya sufu na kazi ya karatasi pia.

Nyuma ya kila rimu (na neno hili nalo, tulilolipokea kwa Waingereza, asili yake ni rizma ya Kiarabu, yaani bunda) palikuwa na watu wasiotajwa na kitabu chochote: wachuuzi wa Ulaya waliozunguka na magunia wakikusanya nguo kuukuu, na wanawake wa vyumba vya kuchambulia, waliovuta vumbi kutwa nzima na ambao pengine walipatwa na ndui iliyofichama katika mavazi ya wagonjwa. Mimi huwahesabu hao kuwa washirika wa kila mwanachuoni wa zama zile.

Matambara yakaja yakaadimika. Katika mwaka 1800 Matthias Koops, mjini London, alipata hati ya kuosha wino katika karatasi zilizokwisha kuchapwa ili zifanywe karatasi upya, akajaribu na majani makavu ya nafaka, lakini haikupita miaka mingi biashara yake ikafilisika. Mwaka 1844 Friedrich Gottlob Keller, wa Saxony, akafanikiwa kuusaga mti wenyewe, na tangu hapo magunia ya matambara yakaanza kupoteza soko.

Karatasi ya mti ikawa rahisi, lakini kwa asili yake na kwa shabu iliyotiwa, hugeuka manjano ikakatika mkononi kabla mwenyewe hajazeeka; ilhali misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, ambayo baadhi yake iko juu ya karatasi ya matambara iliyotoka Italia, ingali ikifunguliwa na kusomwa, na ukiuinua ukurasa mbele ya dirisha huweza kuonekana hilali tatu zilizoachwa na nyaya za chekecheke, na pembeni yake, ukibahatika, unyuzi wa kitani uliokataa kupondeka.