Pasi Mbili Katika Uwanja wa Embakasi

Februari 1968 tiketi za ndege za kwenda London zilikuwa adimu jijini Nairobi. Waliozitafuta walikuwa wenye maduka, makarani wa reli, walimu na mafundi wa asili ya Kihindi, pamoja na wake na watoto wao. Walikuwa na pasi za Uingereza, zimetolewa kihalali na ubalozi wa Uingereza palepale Nairobi. Kilichowakimbiza Embakasi ni habari kwamba Bunge la London liko mbioni kuwafungia mlango.

Mtu anawezaje kufungiwa mlango na nchi ambayo pasi yake anayo mkononi? Jibu linaanzia usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Katiba ya uhuru wa Kenya ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya, ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Wakenya Weusi karibu wote waliingia kwa mlango huo. Kwa Waasia mambo yalikuwa tofauti, kwani wengi walizaliwa Nairobi, Kisumu au Mombasa na wazazi waliotoka Gujarat au Punjab. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia zaidi ya 176,000 nchini. Wasioingia moja kwa moja walipewa miaka miwili waombe, kwa sharti moja: anayeutaka uraia wa Kenya aukane ule mwingine.

Sharti hilo halikubuniwa Nairobi. Mkataba wa The Hague wa 1930 ulikwishatangaza katika utangulizi wake kwamba kila mtu anapaswa kuwa na uraia, na uwe mmoja tu. Serikali changa za Afrika zilirithi wazo hilo pamoja na reli na posta, na kwa taifa lililokuwa likijiuliza nani ni wake, lilionekana kuwa la busara.

Desemba 1965 muda ukaisha, na wengi walikuwa hawajaomba. Wapo walioogopa, wapo waliopuuza, wapo waliosubiri kuona upepo unavumia wapi. Zilikuwapo pia familia zilizogawana: ndugu mmoja achukue uraia wa Kenya ili leseni ya duka isiguswe, mwingine abaki na pasi ya Uingereza, endapo mambo yataharibika. Sheria ilipiga marufuku uraia pacha ndani ya mtu mmoja, ukahamia ndani ya nyumba moja. Siwezi kuwalaumu.

Mambo yaliharibika 1967. Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara. Asiye raia alitakiwa kuwa na kibali cha kazi, na maeneo fulani ya biashara yakatengwa kwa raia. Mwenye pasi ya Uingereza akaamua kwenda alikotambuliwa kuwa raia.

Hapo ndipo tofauti ndogo ya kisheria ilipogeuka kuwa jambo kubwa. Sheria ya Uingereza ya 1962 ilikuwa imewawekea vizuizi watu wa Jumuiya ya Madola, lakini haikuwagusa waliopewa pasi na serikali ya London yenyewe. Enzi za ukoloni pasi za Kenya zilitolewa kwa mamlaka ya gavana. Gavana alipoondoka, kazi hiyo ilibaki kwa ubalozi, na ubalozi ni London. Kwa hiyo uhuru wa Kenya uliipa nguvu zaidi pasi ya Mhindi wa Biashara Street kuliko ilivyokuwa chini ya mkoloni.

Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, James Callaghan, akapeleka muswada bungeni. Ulipita mabunge yote mawili ndani ya siku tatu, ukawa sheria 1 Machi 1968. Kuanzia hapo pasi pekee haikutosha. Ilibidi wewe, mzazi wako au babu yako awe amezaliwa Uingereza, au amepata uraia hukohuko. Waliobaki waliwekewa mgawo wa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Rangi haikutajwa hata mara moja, lakini mlowezi mzungu wa Nakuru mwenye babu wa Yorkshire alipita, na jirani yake karani Mhindi akabaki foleni. Wapo waliorushwa kutoka uwanja hadi uwanja kama mpira, kila nchi ikisema si wetu. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba ubaguzi huo wa rangi, kwa walalamikaji 25, ulifikia kiwango cha kuwadhalilisha. Ripoti yenyewe ilifichwa hadi 1994.

Kenya ilishikilia uraia mmoja kwa karibu miaka 47. Katika muda huo wana wake wengi walikwenda Marekani, Uingereza na Kanada, wakachukua uraia wa huko, na kisheria wakapoteza wa nyumbani. Walirudi kuzika wazazi wao wakiwa wageni wenye viza. Katiba iliyotangazwa 27 Agosti 2010 iligeuza mambo: raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine, na aliyekuwa ameupoteza ana haki ya kurudishiwa akiomba. Ofisa wa serikali mwenye wadhifa wa juu ndiye aliyezuiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Uganda ilikuwa imetangulia kurekebisha katiba yake 2005. Tanzania bado haimruhusu mtu mzima.

Neno hilo “akiomba” ndilo lililomkwamisha wakili Miguna Miguna katika uwanja uleule, siku hizi ukiitwa Jomo Kenyatta. Januari 2018 alishiriki kumwapisha kiongozi wa upinzani Raila Odinga kuwa “rais wa wananchi”. Tarehe 6 Februari akapakiwa ndege hadi Kanada, ambako pia ni raia. Serikali ilidai kwamba alipoteza uraia wa Kenya alipochukua wa Kanada chini ya katiba ya zamani, na hakuomba kurudishiwa. Mwishoni mwa Machi alirejea. Maofisa walitaka pasi yake ya Kanada waigonge muhuri wa mgeni. Alikataa, akisema yeye ni Mkenya aliyerudi kwao. Amri za mahakama hazikumsaidia: alizuiliwa uwanjani, kisha akasafirishwa hadi Dubai. Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba haki zake zilivunjwa. Hata hivyo hakukanyaga Nairobi hadi 20 Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika.

Unaweza kumpenda au kumchukia Miguna. Kuhusu muhuri ule alikuwa sahihi, kwa sababu anayekubali kugongewa muhuri wa mgeni amekubali pia kuhesabiwa siku. Wala pasi ya pili si ngao: mkataba uleule wa 1930, katika kifungu cha 4, unasema nchi moja haiwezi kumkinga raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Ukiwa Nairobi wewe ni Mkenya, basi. Marekani nayo inamtaka raia wake aingie na kutoka kwa pasi ya Marekani, hata awe na nyingine nzuri kiasi gani.

Kwa hiyo wewe uliyechukua uraia wa ng’ambo kabla ya Agosti 2010, peleka ombi lako la kurudishiwa uraia sasa, ukiwa huna safari. Uliyeuchukua baadaye, sheria ya 2011 inakupa miezi mitatu uutangaze kwa Idara ya Uhamiaji. Fanya hivyo.