Neno "Mtumwa" na Ndimi Zetu

Ndugu Waislamu, neno ni amana. Katika lugha yetu "mtumwa" latokana na "kutuma", na asili yake ni mtu aliyetumwa tu. Katika shina hilo hilo limetoka jina tukufu, Mtume. Biashara ya kuuza wanadamu ndiyo iliyolitia sumu neno hili, hata likawa tusi.

Biashara hiyo ilikomeshwa kwa hatua. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alifunga masoko ya watumwa katika milki yake. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamud bin Muhammad aliifuta hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini amri hizo hazikufika ndimini. Mtu alikuwa huru mbele ya serikali, na barazani akaendelea kuitwa "mtwana"; mwanawe alipoposa, likafukuliwa jina la babu yake. Aliyetoka bara, hata awe na adabu zake, aliitwa "mshenzi". Enzi za ukoloni Wazungu nao wakamwita mtumishi mwenye mvi "boi", yaani mvulana. Watukanaji walibadilika, dharau ikabaki ile ile.

Na dini ilikwisha kutuonya zamani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abu Dharr (r.a.) alimtukana mtu kwa kumtusi mama yake. Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa angali na ujahili ndani yake, akamfundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, wale tulacho na wavae tuvaacho. Baadaye Abu Dharr alionekana amevaa nguo sawasawa na za mtumishi wake. Katika hadithi nyingine Mtume alikataza mtu kusema "mtumwa wangu", akaagiza aseme "kijana wangu", kwani sote ni waja wa Mwenyezi Mungu. Na Suratul Hujurat, aya ya 11, yakataza kuitana kwa majina mabaya.

Basi enyi wazazi, mtoto hafundishwi matusi haya chuoni. Huyasikia nyumbani, siku ya ugomvi au siku ya posa, kwa kinywa cha mtu anayemheshimu. Sheria iliwavua wazee wetu minyororo zaidi ya miaka mia moja iliyopita; kuwavua wajukuu wao tusi hilo ni wajibu wa kila nyumba. Wabillahi taufiq.