Fred Perry: Mtoto wa Mfanyakazi wa Pamba Aliyeitikisa Wimbledon

Mwaka 1909 Arthur Gore, mtu mzima wa miaka 41, alitwaa ubingwa wa Wimbledon kwa wanaume. Mei ya mwaka huohuo, katika mji wa viwanda wa Stockport, kaskazini mwa Uingereza, alizaliwa Frederick John Perry. Waingereza wangengoja miaka 25 kabla ya kumpata bingwa mwingine wa kwao, naye angekuwa kijana huyo. Umma ulimshangilia. Wenye uwanja walimtazama kwa jicho la pembeni.

Sababu ilikuwa asili yake. Tenisi ya Uingereza wakati huo ilikuwa mchezo wa watu waliosoma shule za gharama kubwa na vyuo vya Oxford na Cambridge. Samuel Perry, baba yake Fred, alianzia kwenye mashine za kusokota pamba, akaingia katika harakati za vyama vya ushirika, na hatimaye akawa mbunge wa Kettering. Kazi ya ushirika ndiyo iliyoihamishia familia Brentham, mtaa wa Ealing, magharibi mwa London. Nyumba za Brentham zilijengwa kwa mtindo wa ushirika, na wakazi walikuwa na klabu yao yenye viwanja vya tenisi. Jambo hili husahaulika kila Perry anapotajwa. Bila watu wa kipato cha kawaida kuunganisha nguvu na kujijengea mtaa, huenda raketi isingemfikia mkononi.

Mchezo wake wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa tenisi ya meza. Januari 1929, mjini Budapest, akiwa na miaka 19, alikuwa bingwa wa dunia. Kisha akauacha mchezo huo, akaelekeza nguvu zake zote kwenye uwanja wa nyasi, baba yake akimbeba kwa gharama.

Hapo akaingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, anastahili sifa kuliko anazopewa: A. R. Summers, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pops. Aliona kwamba kijana huyu ana mkono mwepesi na macho makali ya mtu wa meza, lakini uwanjani anausubiri mpira kama wengine wote. Akamtaka aupige ukiwa bado unapanda, mara tu unapodunda, kabla haujafika juu. Ni rahisi kulisema na vigumu mno kulitenda. Anayeupiga mpira mapema humnyima mpinzani muda wa kujipanga, naye mwenyewe hupata nafasi ya kuufuata wavuni. Lakini akikosea hata kidogo, mpira huishia wavuni au nje ya uwanja. Perry alikosea kwa miezi, jaribio baada ya jaribio, akafungwa na watu aliokuwa akiwafunga, lakini hakurudi kwenye mtindo wa zamani. Pigo lilipokubali, lilikuwa silaha ambayo wachezaji wengi wa zama zake hawakuwa na jibu nayo.

Mwaka huo wa 1929 aliingia Wimbledon kwa kupitia mechi za mchujo. Mwaka uliofuata alimng'oa Mwitalia Umberto de Morpurgo, mmoja wa waliopewa nafasi za juu, na ushindi huo ukamfungulia nafasi katika kikosi cha Uingereza kilichosafiri Amerika. Mwaka 1931 alifika nusu fainali ya Wimbledon. Wakati wa baridi alijifua pamoja na wanasoka wa Arsenal. Stamina ilimhangaisha kuliko ufundi, na alijua kwamba kwenye seti ya tano mshindi huwa yule ambaye miguu yake bado inamtii.

Miguu hiyo ilipimwa Paris, Julai 1933. Ufaransa ilikuwa imelishikilia Kombe la Davis, shindano la tenisi la timu za mataifa, tangu 1927. Uingereza haikuwa imelinyakua tangu 1912. Siku ya kwanza Perry alimshinda Henri Cochet kwa seti tano, kisha akaanguka na kuzirai katika chumba cha kubadilishia nguo. Siku ya mwisho matokeo yakiwa 2-2, alirudi kumkabili André Merlin, kijana mwenzake. Alipoteza seti ya kwanza, akazichukua tatu zilizofuata, na kombe likavuka bahari kwenda London. Septemba hiyo alitwaa ubingwa wa Marekani kwa kumshinda Jack Crawford wa Australia, ambaye alibakiza mechi hiyo tu ili awe mtu wa kwanza kutwaa mataji yote manne makubwa katika mwaka mmoja.

Julai 1934 wakakutana tena, fainali ya Wimbledon. Perry alimaliza kazi kwa 6-3, 6-0, 7-5. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa bafuni akioga pale mjumbe wa kamati ya klabu alipoingia chumbani na shampeni kwa ajili ya Crawford, akimwambia kwamba siku hiyo aliyekuwa bora hakushinda. Tai ya uanachama wa heshima, ambayo bingwa mpya hukabidhiwa, Perry aliikuta imewekwa kwenye kiti. Hakuna aliyempa mkono. Nikiisoma habari hiyo leo, naona uchungu, maana huyo aliyedharauliwa alikuwa ndiye Mwingereza wa kwanza kuwapa ubingwa baada ya robo karne, tena mbele ya watu wake.

Alijibu kwa raketi. Alishinda Wimbledon tena 1935 na 1936, mara zote mbili dhidi ya Mjerumani Gottfried von Cramm. Ubingwa wa Ufaransa wa 1935 ulimfanya kuwa mchezaji wa kwanza aliyewahi kutwaa mataji yote manne makubwa.

Yote hayo aliyafanya kama mchezaji wa ridhaa, asiyeruhusiwa kulipwa. Kanuni hiyo haikuwaumiza wenye mali ya urithi. Iliwaumiza watu kama Perry. Mwisho wa 1936, akiwa na miaka 27, alisaini mkataba wa mchezo wa kulipwa, na Januari 1937 akacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Ellsworth Vines katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Klabu ya Wimbledon ilimvua uanachama wa heshima. Mashindano makubwa yalibaki yamewafungia milango wachezaji wa kulipwa hadi 1968.

Kiangazi hicho cha 1937, bila Perry, Uingereza ilifungwa na Marekani 4-1 na kupoteza Kombe la Davis. Ililipata tena mwaka 2015.