Kipima mionzi cha gesi: kinahesabu nini, kinaacha nini

Koltani na kasiterite ya mashariki mwa Kongo mara nyingi inabeba urani na toriamu kidogo ndani yake. Ni vya asili, hakuna mtu aliyeviweka. Juu ya hiyo, kabla ya kusafirishwa ulaya madini hupimwa kwa masini ndogo inayolia ti-ti-ti. Vijana wa Kasongo na Kabambare wanaorudi Nyangwe kutoka machimbo wanaisikia habari yake, na wengi wanaielewa vibaya: ikilia sana, wanasema kuna urani ya kuuza, ikinyamaza, wanasema hakuna hatari. Yote mawili si kweli, na la pili ndilo baya zaidi.

Ndani ya masini kuna bomba dogo lenye gesi, kwa mfano argoni, na waya katikati wenye umeme. Mionzi ikipita inang'oa elektroni kwenye gesi, waya unazivuta, masini inalia. Basi.

Shida ni kwamba gesi ni nyepesi sana. Elektroni yenye nguvu ya kiloelektronivolti 1,000 ikipita sentimita moja ya argoni inaacha karibu 2.5 tu, zingine inaondoka nazo. Mionzi ya gama mara nyingi haigusi gesi kabisa: inagonga ukuta wa bomba, ukuta unatupa elektroni, na hiyo ndiyo inaingia ndani. Kwa hiyo bomba la chuma kinene na la kioo chembamba, mbele ya mfuko mmoja, hazitatoa hesabu moja.

Ni hapo kompyuta inaingia. Unaipa programu, kwa mfano Geant4 iliyoanzia CERN, vipimo vyote: ukuta, gesi, msukumo wake, aina ya mionzi. Programu inarusha chembe moja, inaifuata hatua kwa hatua, na kila hatua inapiga kura: itagonga, itapinda, ao itapita? Kiisha inarusha nyingine, mpaka mamilioni, na kujumlisha nguvu iliyobaki kwenye gesi. Njia hii inaitwa Monte Carlo, jina la mji wa kamari. Ilizaliwa Los Alamos, Marekani, miaka ya 1940, palepale ilipotengenezwa bomu ya Hiroshima, ambayo sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, kwetu Katanga.

Kuna hata vipima vyenye gesi ya msukumo mdogo sana, ambamo mpira wa sentimita moja unafanya kama kipande cha mwili kidogo kuliko seli. Hivyo vinaonyesha mionzi inafanya nini ndani ya mtu. Masini ya bei ndogo haiwezi: inahesabu milio tu, kiisha inaigeuza kuwa mikrosievert kwa kufikiri kwamba mionzi yote ni ya aina moja, mara nyingi ile ya sezi-137. Koltani si sezi.

Tena kuna alfa. Hiyo inaishia sentimita chache hewani, karatasi tu inaizuia, kwa hiyo haivuki ukuta wa bomba na masini haiisikii. Lakini vumbi likivutwa, alfa iko tayari ndani ya mapafu, hakuna ukuta tena. Utafiti juu ya wachimbaji wa koltani wa mashariki mwa Kongo, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba wanaotwanga na kuchekecha wanaweza kupata hadi milisievert 18 kwa mwaka. Kipimo cha mtu wa kawaida ni 1. Cha mfanyakazi anayefuatiliwa na daktari ni 20. Nani anamfuatilia mama anayetwanga nyuma ya nyumba?

Kumwagia maji kabla ya kutwanga kunapunguza vumbi. Kitambaa chepesi puani kinasaidia kidogo tu. Na mifuko isilale katika chumba wanamolala watoto, hata kama masini imenyamaza.